Mayai 17 na simu moja

Najua nimepotea. Wiki tatu bila neno, na wengine mmeshaniuliza kama mhariri amenifungia. Hapana. Kulikuwa na jambo nalizungukazunguka kwa sababu linanihusu mwenyewe, na mnajua ilivyo rahisi kuanika ya wakubwa kuliko kuanika ya kwako. Leo nalitoa kama lilivyo.

Nina mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, anayesoma shahada ya kwanza ya baiolojia. Likizo ndefu ya 2024 ilipokaribia, akiwa anamaliza mwaka wa kwanza, alianza kuhaha kama wenzake kutafuta mahali pa kufanyia mafunzo kwa vitendo. Wenyewe wanaita fildi. Mliopita chuo mnaikumbuka hiyo kadhia: barua ya chuo kwenye bahasha, unapanda daladala ofisi hadi ofisi, sekretari anakuambia "iache hapo", na "iache hapo" tunajua maana yake. Bwana wee, akachoka. Akanipigia simu. "Kaka, wewe si unajuana na watu?"

Najuana nao, ndiyo. Ukikaa kwenye dawati la habari miaka mitatu simu yako inajaa namba za watu ambao usingekutana nao hata harusini. Mmoja wao ni mtafiti wa magonjwa ya minyoo huko Mwanza ambaye niliwahi kumhoji, habari ikatoka ukurasa mzuri, akafurahi. Nikampigia. Hatukumaliza dakika tatu. "Mwambie aje." Hakuuliza alama zake. Hakuuliza kama amewahi kugusa hadubini. Ni mdogo wake mwandishi, basi.

Kwa hiyo binti akapanda basi, akafikia kwa shangazi yake Nyakato, akakaa wiki nane kwenye maabara ya vimelea. Nami nikajisikia kaka wa maana.

Sasa niwaambie alichokikuta huko, maana ndicho kilichoniharibia usingizi.

Siku tatu za kwanza aliosha vioo. Vile vioo vyembamba vya hadubini, mamia kwa mamia, sabuni, maji, spiriti, kukausha, kupanga. Alinipigia akilalamika kwamba hakwenda chuo kikuu kuosha vyombo. Nikamwambia mimi gazetini nilianza na matangazo ya vifo, avumilie. Siku ya nne wakampa kazi ambayo hakuna picha ya kitabu inayoweza kukuandaa: vikopo vya choo. Namaanisha choo kikubwa, cha watoto wa shule ya msingi moja iliyo kando ya Ziwa Victoria, kila kikopo kina namba badala ya jina. Watoto walivileta wakicheka na kusukumana, yeye akavipokea akijaribu kutokunja uso.

Kipimo chenyewe kinaitwa Kato-Katz, kwa majina ya Mjapani na Mbrazili waliokibuni na kukiboresha. Kimeandikwa na kutumika dunia nzima tangu miaka ya 1970, na ukikiona unaweza kudhani ni mchezo wa chekechea. Choo kinachujwa kwenye wavu laini. Kinajazwa kwenye tundu la kibao cha plastiki, tundu ambalo linabeba miligramu 41.7, si zaidi. Kibao kinaondolewa, kinabaki kidonge juu ya kioo, kinafunikwa kwa kipande cha selofani kilicholowekwa kwenye gliserini yenye rangi ya kijani, kinakandamizwa. Gliserini inafanya uchafu uwe angavu ili mayai ya minyoo yaonekane. Halafu unakaa kwenye hadubini na kuhesabu. Moja, mbili, tatu. Jumla unazidisha mara 24, unapata mayai katika gramu moja.

Yai la kichocho cha tumbo, kile cha huku kando ya ziwa, lina mwiba ubavuni. Yai la kichocho cha mkojo, kinachopatikana zaidi kwenye mabwawa na madimbwi ya mbali na ziwa, na pia Zanzibar, mwiba wake uko mwishoni. Binti anasema alipoliona la kwanza alinyamaza kimya. Sekondari alikariri mzunguko mzima wa kichocho: yai majini, konokono, kiluwiluwi chenye mkia wa panda, ngozi ya mtu, mishipa ya damu. Aliuchora na mishale yake kwenye mtihani akapata A. Lakini hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kinachomuumiza mgonjwa hasa ni mayai, yale yanayoshindwa kutoka nje na kunasa kwenye ini au kibofu, mwili ukayazungushia makovu mwaka hadi mwaka. Mnyoo wenyewe unaishi kimya. Dume humbeba jike kwenye mfereji wa mwili wake, wakakaa hivyo miaka mitatu, kumi, na zipo kumbukumbu za watu waliohama Afrika wakakutwa na mnyoo ulio hai zaidi ya miaka 30 baadaye. (Rafiki yangu mmoja aliyeoa juzi aliposikia hili alisema hajui kama ni habari njema au mbaya.)

Wakampeleka pia kuchota konokono kwa upawa wa wavu, buti ndefu hadi mapajani na glavu mikononi. Maabarani konokono waliwekwa kila mmoja kwenye kikombe chake cha maji, chini ya mwanga. Baada ya saa moja au mbili, maji ya vikombe viwili vitatu, ambayo kwa macho ni masafi kuliko ya kwenye jagi la hotelini, yalikuwa yamejaa viluwiluwi vinavyotafuta ngozi. "Kaka," akaniambia, "yale maji ningeyanywa." Hapo ndipo alipoacha kulalamika kuhusu vioo.

Nifike kwenye mayai 17. Shirika la Afya Duniani linagawa maambukizi ya kichocho cha tumbo hivi: mayai 1 hadi 99 kwa gramu ni hafifu, 100 hadi 399 ni ya kati, 400 na kuendelea ni makali. Piga hesabu. Mayai 16 kwenye kioo ukizidisha kwa 24 ni 384, ya kati. Mayai 17 ni 408, makali. Yai moja linamhamisha mtoto kutoka fungu hadi fungu. Dawa atapewa ile ile, prazikwanteli, kwa hiyo kwake yeye siku hiyo hakuna tofauti. Tofauti iko kwa nchi. Lengo la dunia ni kwamba ifikapo 2030 nchi zote 78 zenye kichocho ziwe zimekitokomeza kama tatizo la afya ya jamii, na kipimo cha kufika huko ni maambukizi makali kushuka chini ya asilimia 1. Sasa hizo asilimia zinazosomwa kwenye makongamano na watu wenye suti zinatoka wapi? Zinatoka kwenye jicho la mtu aliyekaa kwenye kiti kisicho na mgongo, saa tisa alasiri, akijiuliza kama ile ni yai au povu.

Kioo kimoja binti alihesabu 16. Fundi wa maabara, mzee aliyekaa kwenye hadubini tangu binti hajazaliwa, akahesabu 19. Wakarudia wote wawili, kila mmoja bila kumwona mwenzake. Kumi na saba, kumi na saba. Akamwambia, "Mwanangu, ulikuwa na haraka ya chai." Nadhani hilo ndilo somo bora la sayansi alilopata tangu aanze shule, na halikuwa na slaidi hata moja ya projekta.

Lakini kuna jingine, na hili ndilo nililolishika. Wiki ya tano alikuwa akinakili daftari lake mwenyewe usiku kwa shangazi, akaona kitu cha ajabu. Mayai ya safura yalikuwa mengi kwenye vioo vya asubuhi, na karibu hayapo kabisa kwenye vioo vya baada ya chakula cha mchana. Shule ile ile, darasa lile lile. Watoto wa asubuhi wana safura, wa mchana hawana? Kesho yake akamuuliza yule mzee. Mzee akapiga paji la uso. Yai la safura lina ganda jepesi, na gliserini inayoangaza uchafu huliangaza nalo hadi linatoweka. Unatakiwa kulisoma ndani ya nusu saa, sana sana saa moja, baada ya kuandaa kioo. La kichocho linasubiri hata hadi kesho, la safura halisubiri. Vioo vilikuwa vikiandaliwa saa nne kwa wingi, wasomaji ni wachache, foleni ikawa ndefu, vya mwisho vikasomwa saa nane. Kila mtu pale aliijua kanuni. Aliyeona kwamba imevunjwa ni mtu wa wiki tano, kwa sababu yeye hakuwa na mazoea, alikuwa na daftari.

Wakabadilisha utaratibu: vioo vichache kwa mkupuo, safura kwanza, kichocho baadaye. Vioo vya nyuma vya shule ile wakavirudia kwa sampuli mpya. Ripoti ikaandikwa. Binti jina lake halimo. Zimo herufi zake mbili kwenye kisanduku cha "msomaji" kwenye fomu zitakazooza kabatini. Yeye mwenyewe hana kinyongo, ananishangaa mimi.

Hadithi hii ina kaka yake wa zamani sana. Mwaka 1835, London, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa udaktari katika hospitali ya St Bartholomew's, kijana wa miaka 21 aitwaye James Paget, aliona chembe nyeupe kwenye misuli ya maiti waliyokuwa wakipasua. Chembe hizo hazikuwa ngeni, wapasuaji walizijua kwa sababu zilibutua visu vyao, wakidhani ni vijipande vya mfupa. Paget akazitazama karibu, na kwa kuwa hakuwa na hadubini ya kufaa akaenda British Museum, ambako mtaalamu wa mimea Robert Brown alimruhusu kutumia yake. Ndani ya kila chembe kulikuwa na mnyoo mdogo umejikunja. Vipande vya msuli huo vikamfikia pia Richard Owen, mkubwa wa anatomia, naye ndiye aliyeusoma waraka mbele ya jumuiya ya wanazuolojia na kuupa mnyoo jina. Kwa miaka mingi vitabuni ugunduzi ukawa wa Owen. Paget hakufa maskini, akaja kuwa daktari mkubwa aliyepewa cheo na malkia, na umri wake wa uanafunzi ukabaki kisa cha kusimuliwa.

Mimi kisa hicho nakisoma kwa namna nyingine. Mlango wa jumba la makumbusho ulifunguka kwa mwanafunzi asiye na jina. Je, ungefungwa? Wangeendelea kubutua visu.

Na hapa narudi kwenye simu yangu.

Chuo kilipofunguliwa Novemba, binti alikuwa akiwasimulia wenzake kantini. Kijana mmoja wa darasa lao akamuuliza, "Mwiba wa ubavuni au wa mwishoni?" Wengine wote walikuwa wanacheka habari za vikopo. Huyu hakucheka. Ametokea Kwimba, amekunywa na kuoga maji ya bwawa utoto wake wote, amekojoa damu akiwa darasa la nne, na kijijini kwao wavulana waliokojoa damu walitaniwa kuwa wameanza kuwa wanaume. Dawa ya kwanza aliipata shuleni, siku ya kingatiba, akipimwa urefu kwenye ule mti wenye alama unaoonyesha mtoto ameze vidonge vingapi. Anasoma baiolojia kwa sababu hiyo, na alama zake ni za kwanza darasani, mbali kabisa na za mdogo wangu (samahani, dada, ukweli usemwe). Aliandika barua tano kwa maabara tofauti. Hakujibiwa hata moja. Wiki zake nane alizimalizia kwenye masijala ya ofisi moja ya umma, akitoa nakala, akitafuta mafaili, akipeleka chai kwenye kikao. Fomu yake ya fildi ilijazwa vizuri sana, amepata A.

Sasa niambieni. Nafasi ile ilikuwa moja. Niliichukua mimi kwa dakika tatu za simu.

Nilikaa na hilo, kisha nikamrudia yule mtafiti, safari hii kwa kuuliza. Kwa nini msitangaze nafasi? Akacheka, lakini hakuwa na dharau, alikuwa amechoka. Tukitangaza zitakuja barua mia tano, nani atazisoma? Mwanafunzi anakula muda wa fundi. Anavunja vioo. Miradi inaendeshwa kwa fedha za wafadhili, zina fungu la mafuta ya gari, zina fungu la warsha, hazina fungu la mwanafunzi wa shahada ya kwanza. Kwa hiyo tunachukua mmoja mmoja, wale tunaoweza kuwaamini. "Na mnawaaminije?" Akasita kidogo. "Kwa aliyewaleta."

Amesema kweli, na ndiyo maana sina hasira naye. Kimemo si lazima kiandikwe kwenye karatasi na mheshimiwa. Kimemo ni mimi. Ni wewe pia unayesoma hapa, maana wengi wetu tuliosoma tunapenda kuandika habari za rushwa za bandarini na kwenye mizani ya barabarani, huku ndugu zetu tukiwapenyeza kwa sauti ya upole kabisa, na hatuoni kuwa tumeiba kitu. Nimeiba. Nimeiba wiki nane za hadubini kutoka kwa mtu ambaye angezitumia vizuri zaidi.

Marekani wana mpango wao tangu 1987, unalipiwa na Shirika la Taifa la Sayansi la huko. Maabara zinatangaza nafasi za majira ya joto, mwanafunzi wa shahada ya kwanza anaomba kwa barua na matokeo yake, akipata analipwa posho ya wiki nane au kumi, na mara nyingi na malazi, na anapewa swali moja la utafiti liwe lake. Makusudi mojawapo ni kuwafikia wanafunzi wa vyuo visivyo na maabara kubwa. Sisemi kwamba kule hakuna kujuana. Nasema pana mlango ambao mtu asiyejuana na yeyote anaweza kuubisha.

Sisi tunahitaji pesa kiasi gani kwa hilo? Nauli, chakula cha mchana, kitanda kwa asiye na shangazi Nyakato. Maana na hilo tusilifiche: hata kama kijana wa Kwimba angejibiwa barua, angelala wapi? Wenye mkopo wanapata pesa ya fildi, na ikichelewa kama bumu linavyochelewa mtu anakwenda kufanya fildi karibu na anapoweza kula, si karibu na anachokipenda. Siku moja ya warsha hotelini, na maji yake ya chupa na posho ya kukaa, ingemweka mwanafunzi mmoja Mwanza miezi miwili. Nimehudhuria warsha hizo, nimekula samosa zake, najua ninachosema.

Kuhusu barua mia tano, zisomwe. Au zisomwe hamsini za kwanza, au mhadhiri wa kila chuo apeleke majina matatu kwa vigezo vilivyobandikwa ubaoni, au wapige kura wakishindwa. Kura ingemtenda haki zaidi kuliko mimi nilivyomtenda. Na kuhusu muda wa fundi, yule mzee wa hadubini aliokolewa na mwanafunzi shule nzima ya takwimu za safura. Nani alikula muda wa nani?

Mdogo wangu amebadilika, hilo nalo niliseme. Zamani alisoma baiolojia ili apate kazi benki kama wenzake. Sasa anasumbua walimu. Juzi alimwandikia yule mtafiti akiomba wamchukue tena likizo ya mwaka huu, na akaongeza kuwa kama nafasi ni moja basi apewe mwenzake wa Kwimba. Hajajibiwa.

Kijana mwenyewe nimeonana naye Jumamosi, alikuja na binti nyumbani. Mpole, haongei sana. Alinipa barua yake nimsomee Kiswahili chake, ukurasa mmoja, ameeleza anataka kujua kwa nini watoto wa kijijini kwao wanapewa dawa kila mara na bado wanaambukizwa upya, na nani anaingia bwawani wapi, saa ngapi, kwa kazi gani. Nilisahihisha koma mbili. Alipokuwa anaaga, mlangoni, akaniambia kwa adabu zote, "Kaka, binti alisema ukipiga simu inasikika."

Namba ninayo. Nikiipiga, yeye atapata, na mwingine aliyeandika barua tano asiyejua nyumbani kwangu atakosa. Nisipoipiga, atarudi masijala. Tangu Jumamosi nimeishika simu mara kadhaa.

Bado sijapiga.